Reli Inapofunguliwa Upya, Hufunguliwa Nini? Njia ya Kaskazini Kutoka Dirishani mwa Dereva

Mwezi Desemba mwaka 2019 treni ya abiria iliondoka Dar es Salaam ikafika Moshi, safari ambayo ilikuwa haijafanyika kwa takriban robo karne. Oktoba ya mwaka uliofuata treni hiyo ikasogea mbele hadi Arusha, mji ambao ulikuwa na watu wazima, wengine tayari wazazi, ambao hawakuwahi kuona behewa la abiria likisimama katika stesheni yao. Treni za mizigo kutoka Tanga kwenda Moshi zilikuwa zimetangulia, Julai 2019. Tangu wakati huo maswali mawili yamekuwa yakirudiwa kila reli hii inapotajwa. La kwanza ni hili: kama reli ilikuwa pale pale ilipoachwa, kazi ya kuifungua ilikuwa ipi hasa? La pili: ikiwa imekwisha kufunguliwa, mbona treni inakwenda taratibu namna ile, na mbona haipiti kila siku?

Maswali haya yana jibu moja, na mahali pazuri pa kulitazamia ni katika chumba cha dereva, mbele kabisa ya kichwa cha treni, ambako mambo yote yaliyofanywa na yasiyofanywa kwa urefu wa mamia ya kilomita humfikia mtu mmoja, moja baada ya jingine, bila nafasi ya kuyakwepa.

Njia yenyewe ni ya zamani. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893 wakati wa Wajerumani na ukafika Muheza mwaka 1896. Kampuni iliyokuwa ikijenga ikaishiwa nguvu, serikali ya kikoloni ikaichukua kazi, Korogwe ikafikiwa mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Waingereza wakaifikisha Arusha mwaka 1929. Kwa miaka yote hiyo reli ya Tanga haikuwa imeungana na reli ya kati, mpaka mwaka 1963 kilipojengwa kipande cha kilomita 188 kati ya Ruvu na Mnyusi. Kwa hiyo dereva anayetoka Dar es Salaam kwenda Arusha leo hupita juu ya kazi ya vizazi vitatu vya wajenzi, juu ya vyuma viwili vilivyotenganishwa kwa mita moja tu. Upana huo wa mita moja ni mdogo kuliko ule wa reli ya kisasa ya SGR, na unaisamehe njia mbovu kwa uchache zaidi: upande mmoja ukizama kidogo, behewa refu lililo juu yake huyumba sana.

Jambo la kwanza ambalo abiria halioni, na dereva halisahau, ni kwamba treni haiendeshwi kwa macho. Mwenye gari dogo akiona mbuzi barabarani hukanyaga breki, na mara nyingi husimama kabla ya kumfikia. Dereva wa treni hana uwezo huo. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina msuguano mdogo mno ukilinganisha na tairi la mpira juu ya lami. Hiyo ndiyo neema ya reli, kwa sababu injini moja huweza kuvuta mzigo ambao ungehitaji malori ishirini na zaidi; na hiyo hiyo ndiyo hatari yake, kwa sababu kitu kinachoteleza kwa urahisi hakisimami upesi. Tuchukue treni inayokwenda kilomita 50 kwa saa. Kila sekunde inasogea karibu mita 14. Breki zake hutegemea bomba la hewa iliyoshindiliwa linalopita chini ya mabehewa yote, na hushika pale dereva anapoiachia hewa hiyo itoke. Badiliko hilo huanza mbele na kusafiri kwenda nyuma, behewa kwa behewa. Sekunde kumi zikipita kabla breki zote hazijashika sawasawa, tayari mita 140 zimekwisha, na hapo ndipo zinapoanza mamia ya mita za kupunguza mwendo wenyewe. Mwendo ukiongezwa mara mbili, umbali huo wa kupunguza mwendo huongezeka takriban mara nne.

Sasa ondoka Korogwe usiku. Taa kubwa iliyo juu ya kichwa cha treni hufungua handaki la mwanga mbele, mita mia kadhaa njia inapokuwa imenyooka, na pungufu ya hapo kwenye kona, ambako mwanga huenda moja kwa moja ukaangukia mashamba ya mkonge huku reli ikigeukia gizani. Dereva akiona tatizo ndani ya mwanga huo, mara nyingi amekwisha kuchelewa. Maana yake ni kwamba kila usiku anaipeleka treni yenye mamia ya watu mahali asipopaona, kwa mwendo ambao haumruhusu kusimama ndani ya kile anachokiona. Kinachomwezesha kufanya hivyo bila kuwa mwendawazimu ni ahadi alizopewa na watu wengine: kwamba njia iliyo mbele ilikaguliwa, kwamba hakuna treni nyingine juu yake, kwamba daraja lipo, kwamba mahali pabaya pamewekewa kibao na pameandikwa katika karatasi aliyokabidhiwa stesheni. Reli inayofanya kazi ni mtandao wa ahadi hizi. Reli inapoachwa, chuma hubaki kwa miaka mingi, lakini ahadi hufa mapema sana. Kuifungua upya ni kuzifufua ahadi hizo moja moja, na hilo ndilo linalochukua muda.

Ahadi ya kwanza hutoka kwa genge. Hilo ndilo jina la kikosi cha watu wachache waliopewa kipande chao cha kilomita kadhaa, wakiishi kandokando ya njia, wakikitembea kwa miguu na spana na nyundo, wakikaza bolti, wakishindilia kokoto chini ya mataruma, yaani zile nguzo zinazolazwa kukingama chini ya reli, wakifyeka majani na kuzibua mitaro. Kazi hii haionekani kwa macho ya mpita njia, na ndiyo sababu katika nchi nyingi huwa ya kwanza kukatwa fedha zinapopungua. Mwaka wa kwanza hakuna kinachoonekana kuharibika. Mwaka wa tano dereva huanza kuhisi.

Huhisi kwa mwili kabla ya kuona. Reli za zamani huungwa vipande kwa vipande kwa vyuma na bolti, na kati ya kipande na kipande huachwa mwanya mdogo, kwa sababu chuma hurefuka kwa joto. Kipande cha mita 12 kikipata joto la nyuzi 30 zaidi ya lile la alfajiri hurefuka takriban milimita 4. Ni kidogo, lakini zidisha kwa vipande vya kilomita moja utapata zaidi ya sentimita 30 za chuma kinachotafuta mahali pa kwenda. Viungo vikiwa vimetunzwa, mwanya hulimeza ongezeko hilo, na mdundo ule wa magurudumu ambao kila aliyepanda treni anaujua ndio sauti ya mianya hiyo ikivukwa. Njia ikilala miaka kumi, viungo hushikana kwa kutu. Saa saba mchana, jua la Same likiwa utosini, reli haina pa kurefukia ila pembeni, na inaweza kujipinda kama nyoka pamoja na mataruma yake. Dereva aliyezoea huanza kuichunguza njia kwa makini zaidi kadiri siku inavyopata joto, na kwa mbali mpindo huo hufanana mno na mawimbi ya hewa ya moto yanayocheza juu ya chuma. Kutofautisha kimoja na kingine ni ujuzi usiofundishwa darasani.

Mataruma nayo yana hadithi yake. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki wajenzi walipendelea mataruma ya chuma badala ya ya mbao kwa sababu ya mchwa, na uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwani mengi yamedumu kwa miongo mingi. Lakini chuma kisicholindwa huwa na wanunuzi. Njia isipopita treni, mwizi wa chuma chakavu huchukua taruma hapa, bolti pale, na kwa kuwa hachukui yote mahali pamoja, kwa mbali reli huonekana kamili. Taruma ndilo linaloshika upana wa mita moja. Yakikosekana mawili au matatu mfululizo, uzito wa injini husukuma reli mbili ziachane, na upana ukizidi kiasi chake gurudumu hudumbukia kati. Hii ndiyo sababu wahandisi wanaofungua njia iliyolala hulazimika kuipita yote kwa miguu, kilomita kwa kilomita, wakihesabu. Kuanzia Tanga hadi Arusha pekee ni zaidi ya kilomita 430.

Kokoto zilizo chini ya mataruma watu huzidharau, ilhali zina kazi mbili nzito: kulishika taruma lisihame, na kuyapitisha maji yasituame. Zikikaa miaka bila kuchekechwa hujaa udongo, nyasi huota ndani yake, na tuta ambalo lilipaswa kukauka nusu saa baada ya mvua hubaki limelowa kwa siku nyingi. Kila ekseli inapopita, tope husukumwa juu kama linapampiwa, na shimo dogo huzaliwa chini ya kiungo. Dereva hulitambua kwa mshindo mmoja upande mmoja, na kwa jinsi kichwa cha treni kinavyoinama kisha kuinuka. Hutazama nguzo ya kilomita iliyo karibu na kuishika namba yake akilini.

Maji yanastahili kusemwa zaidi, maana katika njia hii ndiyo adui mkubwa kuliko wote. Treni inayotoka Korogwe kwenda Moshi huwa na milima mkono wa kulia karibu muda wote: kwanza Usambara, kisha Upare. Mkono wa kushoto ni tambarare kavu inayoshuka kuelekea mto Pangani. Reli imelazwa katikati, chini ya miguu ya milima, kwa hiyo kila tone linaloanguka mlimani na kutafuta mto ni lazima liikate reli. Kati ya Mombo na Same zimo korongo ambazo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Watoto huchezea humo na mbuzi hupita. Mvua ikinyesha milimani, korongo hilo hilo hushusha mawe na magogo kwa saa chache, hata kama huku chini hapajadondoka tone. Kwa sababu hiyo dereva wa njia hii hutazama kulia. Akiona wingu zito limekaa juu ya Upare jioni, anajua kwamba makalavati, yaani mapito ya maji chini ya tuta la reli, yaliyo mbele yake yanaweza kuwa yamejaa kabla hajafika, na kwamba hatari kubwa si maji yapitayo juu ya reli, ambayo yanaonekana, bali yale yaliyokwisha kupita na kukomba udongo chini yake, yakaiacha reli ikining'inia na mataruma yake kama ngazi iliyolazwa juu ya shimo. Kwa taa, usiku, ngazi hiyo inaonekana kuwa reli nzima.

Njia inapoachwa, makalavati huziba. Maji hayasubiri yazibuliwe. Hutafuta mahali pengine pa kupita, na mahali hapo huwa ni katikati ya tuta. Ndiyo maana fedha nyingi za kufungua upya reli ya vijijini huzama katika mambo yasiyopigwa picha siku ya uzinduzi: midomo ya makalavati, kuta za mawe za kuzuia mmomonyoko, mitaro. Kwa maoni yangu, mtu akitaka kujua kama njia imefunguliwa kwa nia ya kudumu, asitazame rangi ya mabehewa. Ashuke katika korongo na kuchungulia kalavati.

Nyasi nazo huonekana kuwa jambo dogo. Katika miezi ya kwanza ya kurudi kwa treni, majani yaliyoota kati ya reli hulala juu ya chuma, gurudumu huyasaga, na utomvu wake huacha utando unaoteleza kama sabuni. Katika tambarare dereva huona tu mshale wa kipimo kilicho mbele yake ukiruka kidogo. Katika mlima hali ni nyingine. Kutoka Moshi, iliyo kwenye takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, hadi Arusha, iliyo karibu mita 1,400, njia inatakiwa kupata mita 600 katika kilomita 86, na haizipati kwa usawa. Kuna mahali inapopanda sana na mahali inapopumzika. Mwinuko wa mita moja tu kwa kila mita mia huivuta nyuma treni ya tani 1,000 kwa nguvu sawa na uzito wa tani 10. Injini ya dizeli inayozungusha jenereta ya kulisha mota za magurudumu ina nguvu za kutosha, ila nguvu hizo ni lazima zipite katika mahali padogo, panapotoshana na ukucha wa kidole gumba, ambapo kila gurudumu hugusa reli. Pakiwa na utando wa majani na umande, gurudumu huzunguka bure. Dereva hupunguza nguvu, hufungua mchanga unaomwagika mbele ya magurudumu, hungoja yashike, kisha huongeza tena taratibu, kama anayembembeleza mtu. Akiharakisha, treni husimama mlimani, na kuiondoa hapo kwaweza kumchukua usiku mzima.

Ahadi ya pili ni ile ya kwamba hakuna treni nyingine mbele. Njia ni moja, na treni huja kutoka pande zote mbili. Kanuni inayotawala reli za namna hii duniani kote ni rahisi kuieleza: kati ya stesheni moja na nyingine iwepo treni moja tu kwa wakati mmoja, na dereva asiingie kipande hicho mpaka apewe kibali na mtu mwenye mamlaka ya kukitoa, ama kwa tokeni inayoshikika mkononi, ama kwa karatasi, ama kwa maneno ya redio yanayoandikwa na kusomwa upya neno kwa neno. Ugumu uko katika utekelezaji wake kwenye njia iliyolala. Stesheni ndogo zilifungwa, wakuu wake wakahamishwa au wakastaafu, njia za kupishana zikaota miti. Zinapofunguliwa chache tu, umbali kati ya stesheni zinazotoa vibali huwa mrefu. Tuseme ni kilomita 60, na treni inakwenda wastani wa kilomita 30 kwa saa: kipande hicho kimefungwa kwa saa mbili kamili. Hata treni zikifuatana bila kupoteza dakika, mchana na usiku, hazizidi 12 kwa siku, za kwenda na za kurudi zikijumlishwa. Na hakuna njia yoyote ambayo hufanya kazi bila kupoteza dakika. Hapa ndipo lilipo jibu la sehemu moja ya swali la pili. Uchache wa safari hautokani tu na uchache wa vichwa vya treni na mabehewa. Kuongeza stesheni moja yenye mtu na njia ya kupishana kunaweza kufungua nafasi nyingi kuliko kununua injini mpya.

Sehemu nyingine ya jibu imo katika karatasi ya tahadhari. Kabla ya kuondoka, dereva hupewa orodha ya mahali pote ambapo mwendo umepunguzwa: kutoka kilomita fulani hadi fulani, mwendo fulani, kwa sababu fulani. Kwenye njia iliyotunzwa, orodha hiyo ina mistari michache. Kwenye njia iliyofunguliwa juzi, huwa ndefu, na hiyo ni dalili ya uaminifu, maana kila mstari ni mahali ambapo mtu alikwenda akatazama na kukiri kwamba bado hapajawa sawa. Ndani ya chumba cha dereva orodha hiyo husomwa kwa sauti. Msaidizi hukiona kwanza kibao cha kilomita 15 kwa saa.

"Mzee, kumi na tano mbele, upande wangu."

"Kumi na tano. Nimekiona."

Kurudia huko si adabu tu. Ni namna ya kuhakikisha kwamba vichwa viwili vimeona kitu kimoja, na kwamba hakuna aliyesinzia macho yakiwa wazi, kama inavyotokea saa tisa za usiku.

Abiria aliyelala nyuma hupata tabu kuelewa gharama ya kibao hicho. Tuchukue sehemu mbovu yenye urefu wa kilomita moja, na treni yenye urefu wa mita 400. Dereva hawezi kuongeza mwendo kichwa chake kinapotoka katika sehemu hiyo. Anangoja mpaka behewa la mwisho litoke. Kwa hiyo anakwenda mita 1,400, si 1,000, kwa kilomita 15 kwa saa, na hilo humchukua dakika tano na nusu hivi, mahali ambapo kwa kilomita 50 angetumia chini ya dakika mbili. Amepoteza karibu dakika nne, bila kuhesabu muda wa kupunguza mwendo kabla ya kibao na muda mrefu zaidi wa kuupata tena. Mahali ishirini kama hapo hula zaidi ya saa moja na robo. Wanaoilinganisha treni na basi hudhani kwamba injini ni dhaifu. Injini haina kosa. Kinachoamua ni ubovu wa mahali pachache uliotawanyika, na kuurekebisha mmoja mmoja hurudisha dakika ambazo hakuna injini ingeweza kuzirudisha.

Ahadi ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa hutolewa na watu wasio wafanyakazi wa reli. Robo karne ni muda wa kutosha mtoto kuzaliwa, kukua, kuoa na kununua bodaboda bila kupita treni ya abiria mbele ya macho yake. Kwake yeye reli ni njia ya mkato, mahali pakavu pa kutembea masika, mahali pa kuanika mahindi, mahali pa kupanga meza ya nyanya siku ya gulio. Hana ubaya wowote. Hajawahi kupewa sababu ya kuwaza vinginevyo. Dereva hukaribia kivuko akipiga honi ndefu tangu mbali, na huona kitu ambacho dereva wa njia isiyowahi kulala hakioni: watu wanageuka kuitazama treni badala ya kutoka relini. Treni kubwa inayokuja moja kwa moja kuelekea jicho huonekana kama haisogei, na wepesi wake haujulikani mpaka imefika. Ng'ombe nao wakishtuka hukimbia mbele, katikati ya reli, kwa kuwa pembeni kuna kokoto zinazoteleza na mtaro. Mchungaji aliyeshuhudia hilo mara moja huwa mlinzi mzuri wa kivuko maisha yake yote.

Kutokana na hali hiyo, suala la hifadhi ya reli, yaani ukanda wa ardhi kandokando ya njia usioruhusiwa kujengwa, ambalo huleta uchungu mwingi pale nyumba zinapopigwa alama ya X, linahitaji kuelezwa kwa upole kuliko inavyofanyika mara nyingi. Nyumba iliyojengwa upande wa ndani wa kona humnyima dereva mita mia mbili au tatu za kuona mbele, na humnyima aliye kivukoni kiasi hicho hicho cha kuiona treni. Waliojenga hapo wengi wao walijenga wakati reli imenyamaza, na kuna walioamini kwamba haitarudi. Kuwaeleza wanakijiji sababu kwa lugha ya kona na breki, huku mtu akisimama nao pale kivukoni na kuwaonyesha kisichoonekana, kungeokoa maisha mengi na manung'uniko mengi. Naamini hivyo kwa dhati.

Imebaki ahadi ambayo dereva hujipa mwenyewe. Kuijua treni ni jambo moja, kuijua njia ni jambo jingine. Dereva wa njia fulani anatakiwa kuzijua kwa moyo kona zake, miinuko yake, mahali pa kuanza kupunguza mwendo kabla ya stesheni ambayo bado haionekani, na mahali ambapo treni ndefu huwa na mbele inayoshuka huku nyuma bado inapanda, hivyo viungo vya mabehewa hukazwa upande mmoja na kulegea upande mwingine, na mkono mzito kwenye breki huweza kuvikata. Ujuzi huu hupita kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, ndani ya chumba kile kidogo, safari baada ya safari. Dereva aliyeendesha treni ya abiria ya mwisho katika njia hii akiwa na umri wa miaka 35 alikuwa amekaribia miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma Tanzania, treni iliporudi. Treni za mizigo ziliendelea kwa miaka kadhaa baada ya hapo, na kwa bahati hiyo uzi haukukatika kabisa. Lakini ulikuwa umebaki mwembamba. Nchi zinazojiuliza kama zifunge njia kwa muda tu zinapaswa kuuweka uzi huo katika hesabu zao. Kenya ilipofufua njia ya Nanyuki mwaka 2020, vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa walishiriki katika kufyeka na kutengeneza njia, na nguvu zao ziliharakisha kazi. Nguvu, hata hivyo, haziwezi kuharakisha miaka anayohitaji dereva kuifahamu kona.

Treni inapoingia stesheni ya Arusha, abiria hushuka na mizigo yao, wapokeaji hujaa, wachuuzi huita. Mlima Meru uko juu ya paa za mji. Dereva habebi begi lake mara moja. Anakaa kwanza na daftari la taarifa, anaandika kwa mwandiko wa mtu ambaye mikono yake imetetemeshwa na injini usiku kucha: mshindo upande wa kushoto karibu na nguzo ya kilomita fulani, nyasi ndefu ndani ya kona baada ya daraja, watoto relini kwenye kivuko kisicho na mlinzi. Msaidizi anamkumbusha kitu kimoja alichokisahau, nacho kinaandikwa. Namba ya ile nguzo hupelekwa kwa genge la kipande hicho, na kabla ya jioni watu wanne wenye spana na sururu wamekwisha kuondoka kwenda kuitafuta. Dereva wa safari itakayofuata, akipokea karatasi yake ya tahadhari stesheni, ataukuta mstari mmoja umeongezeka.